Nyamazisha Nyumba Kwanza

Mwanangu, simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, nami salio lilikuwa limekwisha, basi nimechukua karatasi. Hata lisingekwisha ningeandika tu, maana maneno haya nimekwisha kukuambia mara mbili kwa mdomo, na mara zote mbili uliniitikia "sawa mzee" huku nikisikia taarifa ya habari ikinguruma nyuma yako. Mistari ikipanda mlima usinicheke. Macho yamechoka, na mwenye macho pia.

Unasema mtoto hataki. Umempa inanga ya babu yako, umemtafutia mzee wa kumfundisha kila Jumamosi, umempangia saa nzima kila jioni, na bado anadonoa nyuzi dakika tano, anasema vidole vinamuuma, anataka kwenda kucheza rede na wenzake. Ukamfungia mlango. Akakaa mle chumbani saa nzima na hakugusa hata uzi mmoja. Kisha unaniuliza: baba, huyu mtoto nimfanyeje?

Mtoto ana miaka sita. Usimfanye kitu. Kaa naye.

Najua silo jibu ulilotaka. Ulitaka nikutumie kauli ya kumtisha, kwa kuwa sauti yangu bado anaiogopa. Sina kauli hiyo. Nilikuwa nayo zamani nikaitumia vibaya, na habari yake nitaifikia.

Nianze na chombo chenyewe, maana naona umempa mtoto kitu usichokijua, kama mtu anayekabidhi mbuzi bila kusema anakula nini. Inanga si gitaa la kanisani. Haina spika, haina ngozi ya kuvumisha kama ngoma. Ni ubao mmoja uliochimbwa mfano wa hori la ng'ombe, urefu wake karibu mita moja, na juu yake umepita uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kwenye meno ya huku na huku. Ukihesabu utasema nyuzi nane, kumbe ni uzi uleule. Zamani uzi huo ulikuwa kano za ng'ombe. Sauti yake ni ya chini, sauti ya mtu anayesema na nafsi yake. Redio ikiwa imewashwa sebuleni, na mtu akaipiga inanga chumba cha pili, wewe wa sebuleni hutajua kwamba kuna anayepiga.

Mwaka 1994, miezi michache baada ya Rais Ndadaye kuuawa kule Burundi, tulikwenda Kibondo walimu watatu kupeleka madaftari katika kambi ya Kanembwa. Hukuambiwa habari hii kwa sababu ulikuwa kijana wa sekondari na ulikuwa hutaki kusikia neno inanga. Jioni tulikaribishwa chini ya turubai la mzee mmoja aliyevuka mpaka na vitu viwili tu, blanketi na ubao huo. Akakaa, akauegemeza mapajani, akaanza. Nilidhani mzee kaugua koo. Hakuimba, alikuwa ananong'ona. Watoto kama ishirini wamejaa mle ndani, kuna tope, kuna njaa, kuna mama anayebembeleza kichanga, na hakuna aliyekohoa. Baada ya muda nikaanza kusikia mnong'ono ule ukiimba. Naapa niliusikia ukipanda na kushuka. Nikamsogelea nikatega sikio mdomoni kwake: pumzi tupu.

Miaka mingi nilifikiri ni uchovu wa safari. Halafu mpwa wako aliyeko chuoni akanisomea kazi ya mtafiti mmoja, Cornelia Fales, aliyeichunguza inanga hii ya kunong'ona ya Burundi. Anaeleza kwamba mnong'ono wenyewe hauna kupanda wala kushuka, nyuzi ndizo zenye kupanda na kushuka, na sikio la msikilizaji ndilo linaloviunganisha viwili hivyo hata likadhani linasikia mtu anaimba. Na wewe Kiha unakijua. Neno lilelile ukilipandisha lina maana yake, ukilishusha lina nyingine, ndiyo maana wageni wetu wanachekwa sokoni. Kirundi ni ndugu yake, kiko hivyohivyo. Mpigaji anaponong'ona anaziachia nyuzi kazi ya kubeba ule mpando wa maneno. Nusu ya wimbo iko kidoleni, nusu iko kwa anayesikiliza. Pasipokuwa na msikilizaji, kilichobaki ni pumzi na ubao.

Sasa rudi nyumbani kwako. Nilipokaa kwenu ile wiki ya matanga nilihesabu. Runinga inawashwa kabla ya chai na inazimwa watu wakienda kulala. Tamthilia ikiisha, mpira. Simu ya mkeo inaita, simu yako inaita. Tulipokuwa na umeme wa jenereta za dizeli hapa Kasulu na huko Kibondo, ukikatika tulilalamika, lakini nyumba ilipata kupumua. Umeme wa gridi umekuja, tunashukuru, ila sasa kelele haina saa ya kulala. Ndani ya kelele hiyo ndimo ulimomweka binti wa miaka sita na ubao unaosema kwa kunong'ona, ukamwambia fanya mazoezi. Atafanyaje? Hajisikii. Anagusa uzi, hasikii alichogusa, anagusa tena kwa nguvu, kidole kinauma, anaacha. Wewe unaita uvivu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako. Zima runinga. Usiizime kwa hasira ya "haya, tumezima kwa ajili yako, piga sasa!" Mtoto akiona nyumba nzima imenyimwa mpira kwa sababu yake, atazichukia nyuzi na nyuzi zitaujua mkono wenye chuki. Izime kama unavyofunga mlango jua likizama. Simu iache chumbani. Ukae.

Utasema hujui kupiga. Najua hujui, na najua ni kwa nini. Lakini kukaa hakuhitaji kujua. Miaka ya sabini alikuja shuleni kwetu kijana wa kujitolea kutoka Japani kufundisha hesabu, akatusimulia habari za mtu wa kwao, Shinichi Suzuki, aliyefundisha watoto wadogo kupiga fidla. Huyo Suzuki alizaliwa 1898 na baadaye nikasikia amefariki 1998, karibu miaka mia kamili. Alianza na swali jepesi: mbona kila mtoto wa Kijapani anasema Kijapani? Hakuna anayemfungia mtoto chumbani ajifunze lugha ya mama. Anaisikia kutwa, anaambiwa rudia, anakosea wanacheka naye, anapata wanashangilia. Basi na fidla akaitia njia hiyohiyo. Na sharti lake lililonikaa kichwani ni kwamba mzazi ahudhurie somo, na mara nyingi mama ndiye aliyeshikishwa fidla kwanza, mtoto akiangalia, mpaka mtoto mwenyewe aone wivu aseme nipe na mimi. Tulipomsikia tulicheka tukisema hayo ni ya Wazungu wa mashariki. Sasa nacheka mwenyewe. Mzee wa Kanembwa hakuwa amesoma Suzuki, na watoto ishirini walikuwa wamekaa.

Jirani yako mmoja, ulisema, amekuambia inanga ni ya wanaume na unampotezea binti muda. Mwambie avuke mpaka aende Rwanda akaulize habari za Sophie Nzayisenga, bingwa wa inanga anayejulikana hata nje ya Afrika. Alianza na miaka sita, umri wa binti yako, na mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi, Thomas Kirusu. Akitaka mfano wa hapa kwetu, yule Mgogo wa Dodoma, Hukwe Zawose, aliyeipeleka zeze na ilimba duniani, aliacha ukoo mzima wa wapigaji pale Bagamoyo. Wanawake wa ukoo huo kwa miaka mingi walikuwa nyuma wakiitikia, wanaume ndio walioongoza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe, Maisha, na mbele wamesimama wao. Jirani akiendelea kusema, mpe kahawa, usibishane.

Hiyo saa nzima uifute. Nani alikupa saa nzima? Wewe mwenyewe ukipewa jembe jipya saa ya kwanza unalima, ya pili unatafuta kivuli. Mtoto huyu dakika kumi zinamtosha, kumi na tano kama siku ni njema, na uziweke saa ileile kila siku ili asiwe na la kujadili: amekwisha kuoga, ugali bado haujasongwa, ndipo hapo. Umwachishe kabla hajachoka. Jambo hili ni gumu kwa wazazi kuliko kwa watoto. Ukiona anapiga vizuri utatamani aongeze, aongeze tena, mpaka aharibu, na kesho atakumbuka alivyoharibu. Mwambie inatosha akiwa bado anautaka. Aende akacheze rede yake. Kesho atakuja mwenyewe, au hatakuja, na wewe utakaa palepale dakika kumi na ubao. Utaona aibu kukaa peke yako na inanga. Vumilia.

Jumapili, baada ya somo la Jumamosi, mwombe akufundishe alichofundishwa. Usijifanye unajua. Hujui kweli, hilo halitakusumbua. Kosea kwelikweli, akusahihishe. Utashangaa mtoto aliyekuwa hakumbuki kitu atakavyokumbuka kila kidole kwa sababu baba yake hawezi.

Sasa nyuzi, na hapa nilikasirika kidogo uliponieleza, nisamehe. Umeondoa uzi wa zamani ukaweka waya wa breki ya baiskeli. Najua mafundi wengi wanautumia, unalia vizuri na haukatiki. Kwa kidole cha miaka sita ule ni msumeno. Anaposema vidole vinamuuma, hadanganyi. Mwangalie ncha za vidole leo usiku akilala, halafu uniambie kama yeye ndiye mvivu. Toa ule waya. Weka mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mnene kiasi, wavuvi wa ziwani wanao wa kila unene. Sauti itapungua kidogo na nyumba itanyamaza zaidi. Vidole vitaota sugu polepole, wiki kadhaa.

Na kukaza nyuzi ni kazi yako na ya mzee wa Jumamosi, si ya mtoto bado. Kabla hajakaa ziwe zimekwisha kukubaliana sauti. Mtoto akipiga ubao uliolegea anasikia ubaya, na hajui kwamba ubaya ni wa ubao. Anadhani ni wake. Masika hizo kano na kamba hulegea kwa unyevu, kiangazi ubao hukauka ukapasuka ukiuacha juani. Usiuweke chini ya mabati yanapounguza mchana, wala jikoni kwa mama yake kwenye moshi. Na usiufungie kabatini! Ulisema umeufungia ili wadogo wasiuharibu. Utundike ukutani, urefu wa mkono wake mwenyewe, ili siku akipita aguse uzi mmoja kwa njia tu, "ndii," aende zake. Hiyo "ndii" mimi naihesabu kuwa mazoezi kuliko saa yako ya kufuli.

Uliniambia methali ya samaki mkunje angali mbichi. Nimefundisha miaka thelathini na nne, nimeisikia methali hiyo kutoka kwa kila mtu aliyekuwa na fimbo mkononi. Lakini sisi ni watu wa Kigoma, mwanangu. Samaki wetu ni dagaa. Dagaa nani anamkunja? Unamtandaza, unamgeuza, unafukuza kuku, unaangalia mawingu, unangoja jua lifanye kazi yake. Kazi yote ni kuwapo pale. Ukimwacha ukaenda zako, kunguru wamemaliza. Ukimshikashika sana, anakatika kichwa.

Usimpige kwa ajili ya inanga, na usimnyime inanga kwa ajili ya makosa mengine. Ukimwambia "kwa kuwa umevunja kikombe leo utapiga nusu saa," umekwisha kumfundisha kwamba nyuzi ni ndugu wa deki na kuchota maji. Akikosea njiani usimkatishe. Mwache afike mwisho na kosa lake, halafu umwombe akupigie tena ile sehemu moja uliyoipenda. Uitaje sehemu ambayo kweli uliipenda, maana watoto wananusa sifa za uongo mbali. Kama hukupenda hata moja, mwambie umefurahi kukaa. Hilo nalo liwe kweli.

Jambo la wageni. Hapa ndipo mkono unanitetemeka, na si kwa uzee.

Ulikuwa na miaka tisa. Ubao huuhuu, ule babu yako alioununua upande wa pili wa Manyovu. Ulikuwa umejifunza nyimbo mbili kwa babu yako, tena ulijifunza bila mimi kujua, mkikaa kwenye kibaraza chake mchana nikiwa shuleni. Nilipogundua nilijivuna. Nikaanza kukupangia ratiba, mimi mwalimu. Nikaandika ubaoni nyumbani kwangu kama darasani. Halafu siku ile wakaja wageni wa kazini, watu wakubwa, soda zimenywewa, nikakuita. Ulikuja na kaptula yenye tope. Ukaanza, ukapotea katikati, ukarudi mwanzo, ukapotea palepale. Mgeni mmoja akacheka, hakuwa na nia mbaya. Nami nikacheka kuliko yeye. Nikauchukua ubao mikononi mwako nikasema, "Lete, utatuaibisha."

Hukulia. Ulikwenda nje. Babu yako alikuwa mlangoni, akaniangalia, hakusema neno, na miezi iliyofuata hakuwahi kunisema kwa hilo, jambo ambalo lingenifaa zaidi kama angelisema. Hukugusa inanga tena. Watu waliponiuliza nilijibu mtoto amependa mpira. Nimelijibu hilo miaka mingi mpaka nikaliamini. Uliponipigia simu ukasema "huyu mtoto hataki," nilijisikia mimi nikijibu watu.

Basi ukiona wageni wamekuja na mkono wako unaelekea kumwita binti aje awapigie, usimwite. Mtoto akitaka mwenyewe, vyema. Asipotaka, wape wageni picha za harusi.

Sijui atakuwa nani. Pengine baada ya mwaka ataacha kweli akacheze mpira wa pete, na itakuwa yeye ameacha. Kule Bukoba wapigaji wa nanga, yaani inanga yao, walishika kichwani tenzi ndefu za mashujaa, hata Profesa Mulokozi akazifanyia kazi ya uzamivu na kuzitia kitabuni. Hatuhitaji awe mmoja wao. Babu yako alijua nyimbo chache tu, na jioni akizipiga ng'ombe walikuwa wanacheua polepole.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la asubuhi. Siku hizi na lami hii hata mgongo wangu unafika. Usinichinjie kuku, na usimwambie mtoto kwamba babu anakuja kumsikiliza. Mwambie babu anakuja kupumzika. Mshipi usinunue, nimekwisha kuagiza Ujiji na utafika Ijumaa, nitakuja nao tuufunge pamoja, wewe ushike ubao mimi nipitishe uzi, maana meno yale siyaoni tena. Kigoda kile kifupi cha marehemu mama yako kiko stoo kwenu, chini ya magunia ya maharage. Kitoe ukiweke karibu na dirisha. Nitakaa hapo, na wewe utafute chako. Asipopiga siku hiyo, tutakaa hivyohivyo.